Usiku Tuliolala Juu ya Sufuri

Haya, nimerudi. Wiki tatu za ukimya, na sababu ni mbili: safari, na aibu kidogo.

Mwaka 2022 mimi na mke wangu tulinunua Hiace kuukuu iliyostaafu kazi ya matatu. Tuling'oa viti, tukaweka godoro, jiko la gesi, mitungi miwili ya maji na betri ya sola ya kuchaji tarakilishi. (Wajerumani walitia vitanda ndani ya Volkswagen tangu 1951, kwa hiyo hatukuvumbua lolote.) Rangi tulipaka wenyewe, lakini ule mstari wa manjano ulioamriwa na sheria za Michuki mwaka 2004 bado unachungulia. Basi pale Runyenjes kila stejini watu wanatupungia mkono. Mama mmoja mwenye gunia aliuliza nauli ya Chuka ni pesa ngapi. Tukambeba bure.

Hiyo ilikuwa Agosti 2023, na mpango ulikuwa kuuzunguka Mlima Kenya: kutoka Embu hadi Chuka, Nkubu, Meru, Timau, Nanyuki, kisha kurudi kupitia Karatina na Kutus. Mama mkwe, ambaye anakaa Embu, hakuupenda. Julai 2022 basi lilitumbukia kutoka daraja la Nithi, ng'ambo ya Chuka, na watu zaidi ya 30 wakafa. Sisi wa huku tunaijua ile barabara inavyoteremka kwa kona hadi mtoni. "Nataka kujua mlipo kila saa," akasema. Mkwe haambiwi hapana.

Nami nikaona hapa ndipo pa kujionyesha! Nikaandika programu ndogo ya simu. Kila saa inasoma GPS, inafupisha latitudo na longitudo hadi nafasi mbili za desimali (kosa la nusu kilomita hivi, si neno), inazituma kwenye ramani ambayo shemeji alimfungulia mama nyumbani. Na kwa kuwa simu ile ilikuwa na tabia ya kuleta sufuri kila ilipokosa setilaiti, nikaongeza mstari mmoja wa kinga: latitudo ikiwa sufuri, usitume kitu. Nilijaribu wiki nzima mjini Embu. Ikafanya kazi bila tatizo.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa Nithi, gia ya pili, mke wangu ameshika kiti kwa mikono yote miwili. Programu ikatuma. Tukapanda upande wa pili, tukanunua ndizi Nkubu, na ilipokaribia saa kumi na mbili tukafika penye kibao cha Ikweta kabla ya mji wa Meru. Mke wangu akataka tulale hapo hapo, kichwa kaskazini, miguu kusini. Mwenye kioski jirani akaturuhusu kuegesha uani kwake. Simu yake mke wangu ilikuwa imezima chaji, yangu niliiacha kimya kwenye droo ya gari. Tukapika chai, tukalala.

Mmeshaona?

Ikweta ni latitudo sufuri. Kwa desimali mbili, ukanda wote wa karibu kilomita moja unasomeka 0.00. Programu ikaona sufuri, ikaamua hakuna setilaiti, ikanyamaza. Embu iko karibu nusu digrii kusini, ndiyo maana majaribio yangu hayakugundua lolote. Na kule nyumbani nukta kwenye ramani ilibaki darajani Nithi. Saa kumi na mbili, saa moja, saa mbili, saa tatu...

Saa tano usiku niliamka kutafuta tochi nikaiona simu: simu 23 ambazo sikupokea. Shemeji alikuwa amekodi teksi, amefika Chuka, anauliza hospitalini. Mke wangu aliongea na mama yake kwa muda mrefu, wote wawili wakilia, halafu akanipa simu.

"Kijana wangu, mashine yako iliniambia mko chini ya daraja."

Sikuwa na jibu. Ningesema nini, kwamba sufuri ni namba kama nyingine, na kukosa namba ni jambo jingine? Hilo nilifundishwa mwaka wa kwanza chuoni.

Nilirekebisha usiku ule ule kwa mwanga wa tochi. Sasa programu inaiuliza GPS kwanza kama imepata setilaiti, ndipo inasoma namba. Na ikikosa, inatuma ujumbe kwamba imekosa, haikai kimya.

Siku mbili baadaye tukavuka Ikweta tena, kusini kidogo ya Nanyuki. Kuna jamaa pale wenye beseni wanaoonyesha maji yakizunguka huku na huku kila upande wa mstari (ni mchezo tu, mzunguko wa dunia hauna nguvu hiyo kwenye beseni). Tuliwatazama huku tukisubiri saa nane ifike. Ikafika. 0.00 ikaondoka.

Dakika mbili baadaye simu ikalia.

"Mko Nanyuki?"

"Naam, mama. Umetuona?"

"Nimewaona. Lakini mpige simu pia."