Mpaka Arudi

Mwenye kujifunza Kihispania hukutana na jedwali kabla hajakutana na watu. Hupewa kitenzi kimoja akaambiwa akipitishe katika nyakati zote na dhamira zote, mpaka kimkae ulimini kama nyiradi. Nilianza kazi hiyo Unguja, miaka nilipokuwa nikitembeza wageni katika vichochoro vya Mji Mkongwe, nami nikaiendeleza kila nilipokwenda kwetu, baina ya milima ya Mbinga alikozaliwa baba na ufuko wa Ziwa Nyasa alikozaliwa mama. Kitenzi nilichokichagua ni regresar, kurudi. Kiko kingine chenye maana hiyohiyo, volver, lakini hicho ni mkaidi: mzizi wake hugeuka kila kinapopenda. Regresar hufuata kanuni. Ukikijua hicho, umeyajua maelfu ya vitenzi vinavyoishia na -ar.

Jambo la kwanza ambalo Mswahili huliona ni mahali pa mtu. Sisi humtanguliza mtendaji mlangoni mwa kitenzi: narudi, warudi, arudi, twarudi, mwarudi, warudi. Wahispania humweka ukutani mwa nyuma: regreso, regresas, regresa, regresamos, regresáis, regresan. Lakini lugha zote mbili zimekubaliana kwamba nafsi ikishakaa ndani ya kitenzi, hakuna haja ya kusema "mimi" wala "yeye" ila kwa kukazia. Tena zote mbili zina vyumba vyenye giza kidogo. Warudi yaweza kuwa wewe, yaweza kuwa wao. Regresamos yaweza kuwa twarudi, yaweza kuwa tulirudi, na ni maneno yaliyoizunguka tu yatakayokujulisha ni ipi.

Jedwali likishajaa, huonekana kama mlima wa Umatengo uliolimwa ngoro. Wamatengo hukata majani, wakayalaza yakikingamana katika viraba, wakayafunika kwa udongo, pakabaki shimo katikati ya kila kiraba. Mvua ikinyesha, maji hutuama mashimoni badala ya kuporomoka na rutuba, na mteremko ambao ungekwisha zamani hulimwa vizazi na vizazi. Kwa muda mrefu niliamini kwamba jedwali la vitenzi ni zoezi la shule tu. Msiba wa upande wa mama ndio ulionionyesha kwamba nalo huzuia jambo lisiporomoke.

Wakati kwanza. Uliopita wa Kihispania umegawanyika. Regresó ni alirudi, tendo lenye mwisho wake. Regresaba ni alikuwa akirudi, tendo lililokuwa njiani au lililokuwa desturi. Ha regresado ni amerudi, na athari yake ingalipo hapa tuliposimama. Ujao una siri nzuri zaidi. Regresaré imezaliwa kwa kuunganisha kitenzi chenyewe na kitenzi cha kuwa na kitu, kana kwamba asemaye atarudi anasema analo deni la kurudi. Yetu ilitokana na kutaka. Ile -ta- ya atarudi ni mabaki ya taka, na ushahidi bado tunao vinywani kila tunaposema atakayerudi na atakaporudi. Mhispania ataishi kesho kwa sababu anadaiwa, Mswahili kwa sababu anataka. Tena wakati ni mapatano ya mahali. Ukivuka Ziwa Nyasa ukafika Malawi, ukasikia anabwera, usidhani mtu yuko njiani. Kwa Kichewa maana yake ni alikuja. Silabi ambayo kwetu ni sasa, kwao ni jana.

Nilikuwa nimefika hapo katika daftari langu mjomba, mdogo wake mama, alipopotea ziwani. Alikuwa mvuvi wa usipa, na usipa huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa taa. Kusi la ziwa lile, ambalo wavuvi huliita mwera, huinuka ghafla, na ziwa lenyewe lina kina kinachozidi mita 700. Asubuhi mtumbwi ulionekana umepinduka karibu na miamba. Mtu hakuonekana, siku ile wala siku zilizofuata.

Asiyezaliwa kando ya maji huenda asielewe uzito wa jambo hili. Maiti ikipatikana, lugha hupata pa kusimama. Pasipo maiti, kila sentensi ni mtihani. Wageni walipokuja kutupa pole, wengine walisema "alikuwa mtu mwema", wakajiuma midomo. Bibi yangu hakuwahi kusema alikuwa. Alisema "akirudi atakuta paa limevuja", naye hakutueleza kama akirudi yake ni ikiwa au ni wakati. Ile -ki- yetu ina ukarimu huo, hubeba shaka na hakika katika kapu moja. Kihispania hutaka uchague: si regresa, ikiwa atarudi, cuando regrese, wakati atakaporudi. Bibi hakutaka kuchagua, na Kiswahili hakikumlazimisha.

Hatimaye wazee wa ukoo wakaitisha kikao. Siku hizo ufuko ule wote ulikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbinga, maana Wilaya ya Nyasa, yenye makao yake Mbamba Bay, haikuzaliwa mpaka mwaka 2012. Wajomba wengine waliteremka kutoka Mbinga mjini, kilometa 66 za makorongo. Shauri lilikuwa mali: mtumbwi, nyavu, na shamba la mihogo lenye kutamaniwa kwa kuwa liko karibu na maji. Waliotaka kugawa walisema marehemu ni marehemu, na walio hai wana njaa. Mkaza mjomba, aliyekaa mkekani na wanawe, alisema maneno machache: "Wazee wangu, mkiandika marehemu, mtakuwa mmenizika na mimi. Andikeni mnalolijua."

Wakaniangalia mimi, kwa kuwa nilikuwa na kalamu. Nami nikaona kwamba kikao kizima kilikuwa kinabishania wakati na dhamira ya kitenzi kimoja.

Naomba msomaji anivumilie niseme juu ya dhamira, maana hapo ndipo lugha hizi mbili, ambazo hazina undugu wowote, zinapofanana kama mapacha. Wakati hueleza tendo liko wapi katika siku. Dhamira hueleza msemaji anasimama vipi mbele ya tendo hilo: analiarifu, analiamrisha, analiwekea sharti, au analitamani. Sisi tukitaka kutoka kwenye habari kwenda kwenye matakwa, twageuza irabu ya mwisho: afika huwa afike, aimba huwa aimbe. Wahispania, kwa vitenzi vya -ar, hufanya vivyo hivyo: canta, yeye aimba, cante, na aimbe. Regresa, arudi kweli. Regrese, twamtaka arudi. A imekuwa e, na habari imekuwa dua. Hata katika kukataza hatutofautiani. Ukimwamuru mtu kwa Kiswahili wasema imba, na kwa Kihispania canta, lakini ukimkataza huwezi kutumia amri ileile. Husemi "si imba", wasema usiimbe, na Mhispania asema no cantes. Lugha zote mbili zimeona kwamba lisilotakiwa litokee lina kitanda kimoja na linalotakiwa, kwa sababu yote mawili hayajatokea.

Kisha liko neno ojalá, ambalo wasomaji wa visiwani watalitambua hata kabla sijalieleza. Wataalamu wanalirejesha kwenye Kiarabu cha Andalusi, katika maneno yenye maana ya Mungu akipenda. Utawala wa Waislamu katika rasi ile ulianza mwaka 711 na ukakoma mwaka 1492, lakini neno lilibaki, na hadi leo huvuta nyuma yake dhamira ya matakwa. Tena lina ngazi. Ojalá regrese: inshallah arudi, na mlango uko wazi. Ojalá regresara: laiti angerudi, na mlango umerudishwa. Ojalá hubiera regresado: laiti angalirudi, na mlango umepigwa kufuli. Mkaza mjomba hakuijua lugha hiyo, lakini alizijua ngazi zake zote tatu, na alikuwa amesimama kwenye ya kwanza. Kikao kilikuwa kinamvuta aiendee ya tatu.

Bali kitenzi chetu cha kurudi kina jambo lake la pekee. Kimetoka Kiarabu, na vitenzi vya asili hiyo, rudi, safiri, samehe, jibu, havikubali kugeuza mwisho. Hatusemi "arude". Twasema arudi tu, tukiacha alama ya wakati itoke, na kutokuwapo kwake ndiko kunakofanya dua. Lakini katika Kiswahili cha pwani na cha mashairi, chenye kusema naimba na aimba, arudi pia ni habari: yeye arudi, yu njiani. Neno moja, bila herufi kuongezwa wala kupunguzwa, ni taarifa na ni ombi. Fika halina utata huo, wala regresar halina. Ni rudi, na nduguze wa asili hiyo.

Sikuacha kufikiri Kiswahili kilivyofika kule ziwani. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Nyasa mpaka Kilwa Kivinje ikiwa na pembe na watumwa, na kutoka Kilwa majahazi yaliwaleta wengi wa watu hao Unguja, katika soko lililofungwa mwaka 1873. Mahali pa soko, Mkunazini, lilijengwa kanisa kuu la misheni ya Waanglikana, misheni ileile iliyoweka kituo Liuli na kujenga kanisa kuu katika kisiwa cha Likoma. Edward Steere wa misheni hiyo alichapisha mwaka 1870 kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na vitenzi vyetu vikapangwa ndani yake. Lugha yenye neno rudi ilisafiri katika njia ambayo wengi walioishika hawakurudi. Nikipita Mkunazini na wageni wangu, huwa nafikiri kwamba kule ufukweni palikuwa na akina mama wa zamani waliobaki na dhamira hiyohiyo, bila maiti na bila habari.

Basi niliandika. Sikuandika marehemu, maana hakuna aliyeijua. Sikuandika atarudi, maana hakuna aliyeweza kuiahidi. Niliandika: "Shamba, mtumbwi na nyavu vitunzwe na mkewe mpaka arudi." Nikaisoma kwa sauti. Mzee mmoja akauliza, "Na asiporudi?" Mkubwa wao akamjibu, "Asiporudi, zitakuwa bado mikononi mwa wanawe." Hapo ubishi ukaisha, kwa kuwa sentensi haikumdanganya mtu yeyote. Waliotaka ukweli hawakukuta uongo ndani yake, na aliyetaka mlango wazi aliukuta wazi. Wakatia sahihi wanaojua kuandika, wengine dole gumba.

Usiku ule nilijaza kisanduku kilichobaki katika daftari: hasta que regrese. Kihispania nacho, baada ya mpaka inayoelekea mbele, hakiruhusu habari. Kinadai dhamira ya matakwa, kwa sababu siku hiyo haijafika na hakuna mwenye haki ya kuisimulia kana kwamba imefika.

Wanasarufi wetu wameiita dhamira hiyo tegemezi, wakiwa na maana kwamba aghalabu huegemea kitenzi kingine. Jina limewatoka vizuri kuliko walivyokusudia, maana kutegemea ni kuegemea na ni kutumaini pia. Washairi wetu wanaotafuta maneno mazito wangefaa kuutazama mzigo ambao silabi hizi nyepesi hubeba. Beti nyingi za maombolezo hukimbilia alikuwa, kwa kuwa alikuwa ni imara, ina vina vingi, tena humaliza. Lakini walioachwa wengi, wa ziwani na wa baharini, na wa hayo majahazi ya zamani, hawakupewa alikuwa. Walipewa arudi, nao waliishi humo miaka yao yote, wakilima, wakilea, wakitengeneza paa.

Mjomba hajarudi. Nyavu zimeoza, na mtumbwi ulikwishapasuliwa kuni. Shamba la mihogo halikugawanywa, nalo lingali likilimwa, na karatasi ile ingali katika sanduku la mkaza mjomba, ikisema lilelile.