Safari ya Mvumi: Beba Dalili, Usibebe Jina la Ugonjwa

Mgeni anayefika Dodoma kati ya Juni na Novemba hupokewa kwanza na vumbi. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, nazo ni haba. Zikishakatika, nyasi hukauka, upepo huanza kuvuma, na udongo mwekundu huingia vyumbani, vyunguni na machoni. Sisi wakazi tumezoea. Mgeni hulalamika siku mbili, ya tatu huomba ndoo ya maji na kitambaa, akafuta meza kama wenyeji wake.

Zamani wageni wengi walikuja hapa kwa shughuli za serikali na za chama, au walishuka kwenye treni kunyoosha miguu kabla ya kuendelea Tabora na Kigoma. Siku hizi yupo mgeni wa namna nyingine, naye ni mgonjwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015, ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, huduma ambayo kwa miaka mingi Watanzania waliifuata India. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024, mtu anaweza kutoka Dar es Salaam alfajiri na mchana akawa kwenye benchi la hospitali Dodoma.

Hali hii iko duniani kote. Wapo watu wa Ulaya na Marekani wanaovuka bahari hadi Bangkok, mji mkuu wa Thailand, kwa kuwa operesheni huko ni rahisi kuliko kwao. Si ajabu, basi, mwanamke wa Chamwino au Kongwa naye akijifunga khanga, akahesabu nauli na kuanza safari ya kutafuta tiba anayoimudu.

Kinachonihuzunisha katika kazi yangu ya uuguzi ni jambo jingine. Wengi hufunga safari wakiwa wamekwisha kujitajia ugonjwa. "Nina UTI sugu, sista." "Taifodi yangu imerudi." "Hivi ni vidonda vya tumbo, navijua." Hawaji kuuliza wanaumwa nini. Wanakuja kununua dawa ya ugonjwa walioupa jina wenyewe, au waliopewa na jirani. Nitawasimulia safari moja, kwa ruhusa ya mwenye nayo, ili mama mwenzangu uone jambo hili linavyoweza kugharimu.

MBUZI WATATU NA GUNIA LA UBUYU

Mama huyo ni wa kanisani kwetu, umri wake umepita miaka hamsini. Alikuja kwangu jioni moja, ameketi akilipa mgongo dirisha.

"Mwanangu," alisema, "mimi nina mtoto wa jicho. Wifi yangu alikuwa nao, akaenda Dar es Salaam akapasuliwa, na leo anatunga uzi kwenye sindano. Nataka uniandikie barua ya kwenda huko huko."

Mumewe alikuwa ameuza mbuzi watatu na gunia la ubuyu. Fedha zilikuwa tayari. Kilichobaki ni safari.

Nilimwangalia vizuri. Macho yalikuwa mekundu na yakitoka machozi, na kila alipogeukia mwanga alijifunika kwa ukingo wa khanga. Katika pindo la khanga hiyo alikuwa amefunga kibano kidogo cha chuma, kazi ya fundi wa kijijini. Nilimwuliza ni cha nini. "Cha kung'olea kope," alijibu. "Zinachoma. Nikizing'oa ninapata usingizi siku mbili tatu, kisha zinaota tena." Alikuwa akifanya hivyo kwa miaka mingi.

Mimi ni muuguzi, si daktari wa macho, kwa hiyo sikumpa jina jingine badala ya lile alilokuja nalo. Nilimwambia tu kwamba mtoto wa jicho kwa kawaida hauumi wala hauchomi. Huziba uoni polepole kama ukungu, na mboni huanza kuonekana nyeupe. Maumivu yake yalihitaji kutazamwa na mjuzi. Nikamwomba kabla ya Dar es Salaam twende kwanza Mvumi, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka mjini. Alikubali kwa shingo upande. Mumewe ndiye aliyesema, "Nendeni. Dar es Salaam haitahama."

NJIANI

Tuliondoka asubuhi kwa basi dogo kupitia Ntyuka. Ukishaacha nyumba za mjini nyuma, nchi inafunguka: vilima vya mawe makubwa yaliyobebana, miiba ya migunga, na mibuyu iliyosimama bila jani hata moja. Nyumba za tembe zenye paa la udongo bado zinaonekana hapa na pale, ingawa bati limeshinda. Mashamba ya zabibu huonekana kwa mbali, kijani kibichi kidogo katikati ya wekundu.

Kwenye makorongo niliona wanawake na mabinti wakichimba mchanga kwa bakuli kutafuta maji, na punda wakisubiri madumu. Makorongo hayo yana historia. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1986 serikali iliamuru mifugo iondolewe katika eneo la Mvumi, chini ya mradi wa HADO, ili ardhi ipate kupumzika. Maji ni tatizo la zamani hapa, nayo yanahusika na habari ya macho, kama tutakavyoona.

Ndani ya basi kila aliyepanda alisalimu "Mbukwenyi!" na kuitikiwa "Mbukwa!" Baada ya salamu waliliona jicho la mama yetu, na dawa zikaanza kutajwa. Mmoja alisema asali. Wa pili akasema maziwa ya mama anayenyonyesha. Mzee wa nyuma alijua majani fulani ya kukamulia. Kijana mmoja alitaja dawa ya matone aliyonunua katika duka la dawa muhimu, "inaondoa wekundu siku hiyo hiyo." Wote walisema kwa upendo, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza limeanza lini.

Kwa hao wote niliwajibu kitu kimoja. Jicho ni kiungo laini, na uchafu kidogo ndani ya asali au majani huweza kuleta kidonda. Matone ya kuondoa wekundu haraka huenda yana steroidi. Hayo yakitumiwa ovyo yanaweza kuongeza presha ya macho na kumpofusha mtu, naye akiamini anapona.

KWENYE BENCHI LA MVUMI

Hospitali ya Mvumi ni ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Central Tanganyika, na kwa miaka mingi watu wa nyanda hizi wameijua kwa tiba ya macho. Nje ndugu wa wagonjwa hupika. Mchana ule harufu ya mlenda na ugali wa uwele ilitufikia tukiwa kwenye foleni.

Zamu yetu ilipofika, mama alianza: "Nina mtoto wa jicho." Mtaalamu alitabasamu, akasema, "Pole, mama. Hebu niambie, jicho lenyewe linakufanyaje?" Akamsikiliza mpaka mwisho. Alimsomesha ubao wenye herufi E zilizogeuzwa huku na huku, akammulika kwa tochi, kisha akapindua kope za juu na kutazama upande wa ndani.

Ulikuwa ugonjwa wa vikope, yaani trakoma. Ni maambukizo ya bakteria yanayoanza utotoni. Mtoto huambukizwa mara kwa mara kwa mikono, kwa nguo ya kufutia uso, na kwa inzi wanaotua kwenye tongo. Kila ugonjwa unaporudi huacha makovu upande wa ndani wa kope. Baada ya miaka mingi makovu hujikunja na kuvuta kope kuelekea ndani, zikawa zinakwangua kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Wanawake hupatwa na kope za namna hii karibu mara mbili kuliko wanaume, na sababu kubwa inayotajwa ni kwamba sisi ndio tunaokaa na watoto wadogo.

Mama alipasuliwa kope zote mbili za juu. Alipigwa sindano ya ganzi akiwa macho, kope zikageuzwa nje na kushonwa. Ni operesheni ndogo. Kambi za Wizara ya Afya na wafadhili zinapofika vijijini, mara nyingi hufanywa bila malipo. Alirudi nyumbani na sehemu kubwa ya fedha zake.

Lakini si yote yaliyorudi. Jicho la kushoto limepona vizuri. La kulia lilikwisha kupata kovu kwenye kioo, na uoni uliopotea hapo operesheni ya kope hairudishi. Alipoelezwa alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akafungua pindo la khanga akatoa kile kibano. "Kumbe kilikuwa kinanituliza tu," alisema, "huku jicho linakwisha."

BEI YA DAWA NA GHARAMA YA SAFARI

Wasomaji wengi mnakumbuka mwaka 2011, watu walipomiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, ambaye alifariki mwaka 2021. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Nani angeshindwa? Lakini nauli ilikuwa kubwa, watu walilala njiani siku nyingi kwenye foleni ya magari, na wapo wagonjwa waliofia huko. Wengine waliacha dawa zao za kisukari au za kupunguza makali ya UKIMWI. Simtaji kwa kumhukumu mtu. Nataka tuone kwamba bei ya dawa ni kitu kimoja, na gharama ya tiba ni kingine. Dawa ya shilingi 500 kwa ugonjwa usiothibitishwa, ukijumlisha nauli, muda na dawa iliyoachwa, yaweza kuwa ghali kuliko chumba cha daktari.

Vivyo hivyo kwa mama yetu. Kama angekwenda Dar es Salaam moja kwa moja, huenda naye angeambiwa ukweli, lakini mbuzi wote watatu wangekuwa wameliwa na nauli na malazi.

TUJIFUNZE NINI SISI AKINA MAMA?

Kwanza, ukienda kwa daktari mweleze dalili: kinachouma, tangu lini, kinachozidisha na kinachopunguza. Jina la ugonjwa mwachie alitafute kwa vipimo.

Pili, taja kila dawa uliyokwisha kutumia, hata ya majani na hata uliyoazima kwa jirani. Hakuna aibu, na inaweza kukuokoa.

Tatu, anzia karibu. Zahanati au kituo cha afya kitakupa rufaa panapohitajika, na ukiwa na rufaa hutangatangi mjini ukiuliza njia. Uliza pia kuhusu bima na kuhusu kambi za macho zinazokuja wilayani kwako.

Nne, jicho linalouma, linaloogopa mwanga au lililopungua uoni ghafla halingoji mavuno. Na kope zinazochoma usizizoee. Kibano kisikufanye uahirishe safari.

Tano, waosheni watoto nyuso. Huko Kongwa, ambako trakoma imechunguzwa tangu miaka ya 1980, imeonekana kwamba uso safi wa mtoto ni kinga kubwa, pamoja na dawa ya azithromaisini inayogawiwa kwa jamii nzima. Najua maji yanatoka mbali. Lakini kuosha uso hakuhitaji ndoo. Kikombe kimoja, kikimiminwa kidogo kidogo mkononi, kinatosha watoto kadhaa. Kila mtoto awe na kitambaa chake, wala tusiwafute wote kwa upindo mmoja wa khanga.

Nilimtembelea mama yetu wiki tatu baada ya nyuzi kutolewa. Nilimkuta uani na wajukuu wanne wamepanga mstari. Mkononi ana kikombe cha bati, akiwamiminia maji mmoja baada ya mwingine. Yule mdogo alipokataa, akilia kwamba maji ni ya baridi, bibi yake alimshika kidevu, akamwosha taratibu na kumwambia, "Nyamaza, mume wangu. Haya ni ya jicho."