Isiyoiva Irudi

Bibi yangu alipika gongo Rulenge, na gongo hiyo ndiyo iliyonisomesha. Naandika leo kwa kuwa hayupo tena wa kukamatwa.

Mtambo wake ulikuwa bondeni, nyuma ya migomba: pipa la pombe ya ndizi iliyochacha, juu yake shingo ya bati iliyosimama wima, kisha bomba lililoshuka na kupita kwenye maji baridi. Viungo alivikandika udongo. Mimi nilikuwa na kazi mbili, kutunza moto usikolee na kulowesha gunia lililofungwa kwenye ile shingo. Moto nilielewa, gunia hapana. Unapasha chini halafu unapoza juu, ili iweje? Nilipomuuliza, alisema tu, "Lipe maji, mjukuu wangu. Isiyoiva irudi."

Januari moja, ada ikiwa haijatimia, nikaona nitumie akili. Nikavua gunia, nikaongeza kuni. Gongo ikatiririka, kabla ya kengele ya kanisa ya saa sita chupa zote zilikuwa zimejaa. Bibi akaja, akanusa, akaonja tone, akatema. Halafu akazimimina chupa zile, moja baada ya nyingine, zikarudi ndani ya pipa. Mimi nimesimama pale, naangalia ada yangu inarudi motoni. Wala hakunifokea. Alilowesha gunia, akakaa na moto mdogo hadi jioni. Zikapatikana chupa chache, na shuleni nikaripoti nimechelewa wiki nzima.

Nilikuja kuelewa kidato cha tano, mchepuo wa PCB. Mwalimu wa kemia alitufundisha ukenekaji kwa chupa ya kioo na, juu yake, mnara mwembamba uliojaa vigololi. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye 100. Lakini zikichanganyika haziondoki kwa zamu. Mvuke hubeba zote mbili, ila alkoholi huzidi kuliko ilivyokuwa kwenye kimiminika. Ukipanda na kukuta ubaridi, sehemu yake hugeuka matone, na matone hayo yana maji mengi zaidi. Yanaporudi chini hukutana na mvuke mpya unaopanda. Mvuke huyapa joto: alkoholi iliyomo hupanda tena, maji yaliyo kwenye mvuke hushuka. Kila mkutano wa namna hiyo ni kama kupika upya. Ukiharakisha moto, mvuke hupita bila kukutana na kitu. Na hata mnara mrefu kiasi gani, kwa njia hiyo huvuki asilimia 96 hivi ya alkoholi.

Nikaliona gunia.

Mwalimu akauliza nani ameshaona kitu kama hiki nyumbani. Darasa likacheka. Mkono wangu ulibaki chini ya dawati; kupika gongo bila leseni kulishapigwa marufuku kwa sheria ya 1966, na Bibi alikuwa bado anapika.

Sisemi gunia liliifanya gongo kuwa salama. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, lakini ndani ya mchanganyiko haitoki yote na matone ya kwanza, na ulimi hauwezi kuipima. Novemba 2000, jijini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa kumi kumi yenye methanoli. Bibi alijua kutenganisha harufu na ladha, lakini hakuwa na namna ya kujua yote yaliyomo kwenye chupa. Wateja wake nao walikuwa majirani zetu. Hilo bado linanisumbua.

Likizo ilipofika nilimweleza kila kitu: nyuzi, mnara, vigololi, matone yanayorudi. Alisikiliza mpaka mwisho, huku akichambua maharage.

"Kumbe," akasema, "ada yote ile nimelipa ukasomee gunia?"

Nikamwambia ndiyo, Bibi.

Akanituma maji.