Kurudia Mtihani si Kurudia Kusoma

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Msemo huu tuliwaambia wanafunzi wetu mara nyingi tulipokuwa tukifundisha shule ya msingi wilayani Kilwa, kabla hatujahamia chuoni. Lakini kulisema neno ni jambo moja, na kulionja ni jingine. Makala haya yanaeleza jinsi tulivyoshindwa mtihani sisi wenyewe, na jinsi kushindwa huko kulivyotufundisha kazi yetu upya.

Kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwafungulia mlango watu wazima walioko kazini, wasio na sifa za kuingia moja kwa moja. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliitilia nguvu fikra hiyo, kwani liliwataka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza ndipo waende Chuo Kikuu. Aliyetaka kupitia mlango huo alifanya mtihani wenye karatasi mbili: ya kwanza ilipima uwezo wa jumla wa kufikiri, na ya pili ilihusu somo alilolichagua. Utaratibu huo umekwisha badilika, na siku hizi utambuzi wa maarifa yaliyopatikana nje ya darasa huratibiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Sisi tuliubisha mlango ule wa zamani.

Tulijiandaa kwa miezi minne. Kila usiku tulisoma kurasa nyingi, tukapigia mistari, kisha tukazisoma tena. Siku ilipowadia tulipanda basi Nangurukuru, tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, tukafika Dar es Salaam tukiwa na matumaini makubwa. Matokeo yalipotoka, karatasi ya somo tulikuwa tumeipita, lakini ile ya uwezo wa jumla ilituangusha vibaya. Hatukumwambia mtu. Wenzetu walipouliza, tulijibu kwamba matokeo hayajatoka. Mwalimu anayewahimiza watoto kila siku wasiogope mtihani alikuwa anaficha karatasi yake mwenyewe chini ya godoro.

Azma yetu ya kwanza ilikuwa kusoma tena vitabu vilevile, ila kwa saa nyingi zaidi. Aliyetuzuia hakuwa mtaalamu wa elimu. Ilikuwa siku ya maji mafu, tukaenda Kilwa Kivinje kumwamkia mjomba wetu, mvuvi wa siku nyingi. Tulimkuta kivulini akishona wavu wake. Baada ya shikamoo na marahaba tulimfunulia siri yetu. Alisikiliza bila kuinua macho, kisha akasema, "Mpwa wangu, wavu ukirudi mtupu, mimi siufumi mwingine. Nautandaza nione samaki wamepita wapi. Wewe umepaona walipopita?"

Hatukuwa na jibu. Tulijua tumeshindwa, lakini hatukujua tumeshindwa nini.

Tuliporudi nyumbani tulitafuta karatasi tatu za miaka iliyopita. Tulizifanya moja moja, kila Jumamosi asubuhi, saa ikiwa mezani na vitabu vimefungwa. Tukasahihisha kwa ukali, na jumla ya makosa ikawa 42. Kisha tulipiga mistari ya safu nne katika daftari: swali, jibu letu, sababu ya kosa, na dawa yake. Safu ya tatu ndiyo iliyotufumbua macho. Makosa 9 yalitokana na kutojua jambo lenyewe, na 5 kwa kulisahau. Makosa 11 yalitokea mwishoni, tulipokimbizana na saa. Yaliyobaki, 17, yalikuwa ya maswali tuliyoyajibu bila kuyaelewa.

Yafaa tukiri sababu yake. Mtihani uliandikwa kwa Kiingereza, nasi kwa miaka kadhaa tulikuwa tukifundisha kwa Kiswahili na kusoma Kiingereza mara chache. Tuliruka neno dogo la kukanusha, tukatoa jibu sahihi la swali ambalo halikuulizwa. Basi katika makosa 42, ni 14 tu ambayo yangeweza kutibiwa na vitabu tulivyotaka kuvirudia. Tungalisoma usiku na mchana, makosa 28 yangalitungoja palepale.

Hapo tukabadili njia. Kwanza, kila siku tulisoma maswali kumi bila kuyajibu, tukaeleza kwa Kiswahili kila swali linataka nini. Pili, tulijifunza kugawa muda, na kuliacha swali gumu tukalirudie baadaye. Tatu, yale tuliyoyasahau tulijiuliza kitabu kikiwa kimefungwa, baada ya siku moja, kisha tatu, kisha saba, kisha kumi na nne.

Baadaye tulifahamu kwamba njia hiyo ya tatu ina misingi ya kitaalamu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio ya kumbukumbu, alionyesha mwaka 1885 kuwa mtu husahau kwa kasi mwanzoni, na kwamba mazoezi yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hufaa kuliko yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 2006 Wamarekani Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma habari tena na tena na wale walioisoma kisha wakajipima. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja, waliojipima waliwashinda. Ndiyo maana kurudia kusoma hutudanganya: usiku ule tunajiona tunajua, na siku ya mtihani hatuna kitu.

Mwaka uliofuata tulirudia mtihani tukafaulu, ingawa si kwa alama za kujivunia. Hata hivyo ada ilitushinda kwa sababu za kifamilia, na hadi leo stashahada ndiyo cheti chetu kikubwa. Kwa hiyo hatuandiki ili tujisifu. Tunaandika kwa sababu lile daftari la safu nne lilitukumbusha mtoto mmoja.

Miaka michache kabla ya hapo, katika darasa letu la nne, alikuwapo mvulana ambaye alama zake za Hisabati zilipanda na kushuka. Leo hupata saba katika kumi, kesho mbili. Tuliandika daftarini mwake, kwa wino mwekundu, "Ongeza bidii." Tunalikumbuka mojawapo la majibu yake: 302 kutoa 147, akapata 245. Tuliweka alama ya kosa, tukapita.

Ebu mwalimu mtarajiwa ulitazame jibu hilo. Katika mamoja, mtoto aliona 2 na 7, akatoa ndogo katika kubwa, akapata 5. Katika makumi aliona 0 na 4, akapata 4. Katika mamia, 3 kutoa 1 ni 2. Mtoto huyu hakuwa mvivu. Alikuwa na kanuni yake, akaifuata kwa uaminifu. Hesabu zisizohitaji kukopa alizipata zote, na zenye kukopa alizikosa zote; ndiyo sababu alama zilipanda na kushuka. Alihitaji vijiti na mafungu ya kumi kumi kwa nusu saa. Sisi tukampa neno bidii. Kabla ya darasa la saba aliacha shule, akaingia baharini pamoja na kaka zake. Hatusemi kuwa hesabu ile pekee ndiyo iliyomtoa. Lakini wavu wake hatukuutandaza.

Kwa hiyo, ndugu wanachuo, mtakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, msisahihishe madaftari kwa kuhesabu alama tu. Kwa kila kosa linalojirudia, jiulizeni: je, mtoto hajui, amesahau, hakulielewa swali, au ameharakishwa? Kila sababu ina dawa yake. Pasipo na nafasi ya kuuliza kwa watoto wote, mwiteni mmoja au wawili kila siku, wawaelezee kwa sauti jinsi walivyolipata jibu lao.

Nanyi wenyewe, yeyote atakayerudishwa katika somo lolote, asilifiche tokeo lake chini ya godoro kama tulivyofanya sisi. Alilete mezani, alitandaze, atazame samaki wamepita wapi.