Kuchora Si Mchezo

Ndugu msomaji, itazame kanga iliyo nyumbani mwako. Kuna pindo lizungukalo pande zote nne, kuna mji katikati, na chini ya mji kuna jina. Kabla kiwanda hakijaipiga chapa, yuko mtu aliyeketi akapima, akachagua rangi, akapanga maua yakae wapi na maneno yaenee vipi. Kazi hiyo ndiyo iitwayo usanifu. Je, mwanao anajifunza wapi kuifanya?

Binti yangu yuko darasa la nne. Jioni moja nilipekua madaftari yake, nikaona daftari la kuchora ni jeupe tangu muhula uanze, ingawa kipindi chake kimo katika ratiba. Nilipomwuliza akanijibu, "Mama, kipindi hicho tunafanya mazoezi ya Hisabati."

Sina ugomvi na Hisabati. Lakini mtoto huyo huyo alikuwa ameshindwa kutafuta eneo la mstatili, mpaka nilipomwambia achore mkeka, augawe katika miraba, kisha aihesabu. Alipomaliza kuchora, alikuwa amekwisha kuelewa. Basi kilichoporwa si mchezo wa mtoto. Ni njia yake ya kufikiri.

Wako wasemao kwamba sanaa ni ghali na shule zetu hazina vifaa. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini haitoshi. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za baiskeli juu ya vibao. Aliwafundisha vijana wachache kwa kuwaketisha kando yake. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake unawalisha wachoraji wengi hadi leo. Mkaa, udongo wa mfinyanzi, ukili na vipande vya vitambaa havipungui mitaani mwetu.

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikataa kutenganisha akili na mikono. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, nao umeipa sanaa nafasi yake. Lakini mtaala haufundishi wenyewe. Hapana budi walimu waandaliwe vyuoni kulifundisha somo hili kwa kujiamini. Hapana budi shule ziwaalike mafundi cherehani, maseremala, wasusi na wafinyanzi wa jirani, watoto waone jinsi kitu kinavyobuniwa, kinavyopimwa na kinavyorekebishwa. Na kipindi cha sanaa kisiwe akiba ya kukopwa kila mtihani unapokaribia.

Nasi wazazi tuna wajibu. Katika mkutano ujao wa wazazi, usiulize alama za Hisabati peke yake. Omba uonyeshwe pia kile ambacho mwanao amekichora, amekishona au amekifinyanga kwa mikono yake. Kama hakuna, uliza sababu, tena uliza kwa upole bila kuchoka. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.