Alipiga dramu sekunde 6, dunia ikaruka, yeye akafa hana pa kulala

Kama umewahi kurukaruka kwenye jungle au drum and bass, mdau, basi umeshachezea mkono wa jamaa mmoja mweusi wa Marekani ambaye jina lake hulijui.

1969, bendi ya soul ya The Winstons ilirekodi Color Him Father. Ngoma ikabamba, mwaka uliofuata ikabeba Grammy. Upande wa pili wa santuri ulihitaji kitu cha kujazia tu, wakachukua wimbo wa kanisani, wakauita Amen, Brother. Katikati vyombo vyote vinanyamaza, dramu inabaki peke yake sekunde 6 hivi. Basi, imeisha.

Hip hop ndiyo iliyokifufua kipande hicho miaka ya 80. Miaka ya 90 ilipoanza, vijana wa London wakakiongeza spidi, wakakikatakata kwenye kompyuta na kukipanga upya, mtindo mzima wa muziki ukazaliwa. Leo kimo kwenye nyimbo elfu kadhaa. Na hao vijana usiwaite wezi haraka hivyo, wengi walikuwa watoto wa wahamiaji wa Karibea, mfukoni hawana kitu. Lakini CD za midundo ziliuzwa madukani zikiwa nacho, matangazo ya magari yakakitumia... hapo sasa ndipo penye maswali.

Kiongozi wa bendi, ambaye ndiye mwenye haki ya wimbo, alikuja kushtuka 1996 alipopigiwa simu kutoka Uingereza. Muda wa kudai mahakamani ulishapita.

Na hata angelipwa, mpiga dramu angepata nini? Hakimiliki ya utunzi wa wimbo kwa kawaida inamtambua aliyetunga maneno na melodi. Mdundo, ule urithi ambao watu weusi walivuka nao bahari, unahesabiwa kama kibarua: umepiga, umelipwa, nenda nyumbani. Yaani kitu ambacho dunia nzima ilikitaka kwenye wimbo ule ndicho ambacho aliyekipiga hakutambuliwa kama mwenyewe.

2015 madj wawili wa Uingereza walichangisha mtandaoni, kiongozi wa bendi akapokea paundi 24,000. Alishukuru sana. Mpiga dramu alishafariki 2006 huko Atlanta, hana nyumba wala hela, na mwenzake huyo aliamini jamaa hakuwahi hata kujua kwamba amechezesha watu wote hao.