Nta ya Nyuki na Rangi ya Gari

Watu wengi wakisikia neno utamaduni, fikra zao hukimbilia ngoma, mavazi, mashairi na hadithi za wazee. Hayo yote ni utamaduni bila ya shaka, lakini utamaduni wa taifa haukomei hapo. Namna watu wanavyokitunza chombo kinachowasaidia kuishi, wanavyokisafisha, wanavyokipaka mafuta na kukirudisha mahali pake jioni, nayo ni sehemu ya utamaduni wao. Wimbo mtu aweza kuuimba kwa ajili ya wageni tu. Mpini wa jembe haulainiki kwa ajili ya wageni. Hulainika kwa matumizi na matunzo ya kila siku.

Katika insha hii nakusudia kueleza jambo moja dogo la namna hiyo, yaani nta na kazi yake ya kuing'arisha na kuihifadhi rangi ya gari. Huenda msomaji akashangaa, kwa kuwa gari halikubuniwa kwetu. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba chombo chaweza kuwa cha kigeni na matunzo yake yakawa ya kienyeji.

Mabaharia wa pwani yetu walilijua jambo hili zamani sana. Jahazi lilipopandishwa ufukoni, mbao zake za chini zilipakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ili wadudu wa baharini wasizitoboe. Na mbao za juu zilipakwa sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu kali, ili jua na chumvi visizipasue. Kazi hiyo haikungoja chombo kiharibike. Ilifanywa kwa majira yake, kama vile kulima na kupalilia.

Huku bara, katika misitu ya miombo ya Tabora, tulikuwa na nta. Wanyamwezi na jirani zao walitundika mizinga ya magome na ya magogo juu ya miti tangu zamani, na tangu enzi za utawala wa Wajerumani nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka nchi hii kwenda Ulaya. Nyumbani kwetu asali ndiyo iliyopewa heshima, na nta ikawa kama makapi yake. Fundi wa viatu alipitisha uzi wake juu ya kipande cha nta ili usioze. Seremala alisugulia nta kwenye meza ya mninga. Nyingine yote ikaenda sokoni. Methali yasema: fuata nyuki ule asali. Wengi wetu tuliifuata asali, tukaisahau nyumba iliyoihifadhi.

Mtu wa kwanza kunionyesha thamani ya nta alikuwa mjomba wangu, dereva wa chama kimoja cha ushirika mkoani Tabora. Gari aliloliendesha lilikuwa Peugeot 404 ya rangi ya buluu. Vijana wa leo huenda hawalijui gari hilo, lakini wazee watakumbuka kuwa aina hiyo ndiyo iliyoshinda mashindano ya East African Safari mara tatu mfululizo, mwaka 1966, 1967 na 1968, katika barabara za tope na vumbi za nchi zetu. Baada ya vyama vikuu vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976, gari lile lilipigwa mnada, na mjomba akalinunua kwa akiba yake yote.

Kisha ikaja miaka ya dhiki iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sabuni ilikuwa adimu, sukari ilikuwa adimu, na kopo la polishi ya gari kutoka ng'ambo halikuwa jambo la kulitaja mbele ya watu wenye akili. Mjomba hakulalamika. Alinunua nta kwa wafuga nyuki, akaikatakata, akaiweka ndani ya kopo, na kopo hilo akalisimamisha ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta ilipokwisha yeyuka, aliliondoa kopo na kulipeleka mbali na moto, ndipo akatia tapentaini, vikopo vitatu kwa kikopo kimoja cha nta, akakoroga mpaka ikaganda ikawa laini kama siagi. Siku moja nilimwuliza kwa nini asimalizie kazi yote palepale jikoni.

"Mjomba," aliniambia, maana ndivyo tulivyoitana sisi kwa sisi, "tapentaini na moto ni mahasimu. Ukiwapatanisha, watakaoungua ni watu wa nyumba."

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwalimu, nilisoma na kutambua kwamba maarifa ya mjomba hayakuwa mbali na yale ya viwanda vikubwa. Nta nyingi za magari za zamani, zile zilizotiwa katika makopo mapana na kupakwa kwa kitambaa, zilikuwa na asili hiyohiyo: nta iliyolainishwa kwa tapentaini au mafuta mengine mepesi. Tofauti kubwa ilikuwa nta ya karnauba, itokayo katika majani ya mnazi-pori fulani wa kaskazini-mashariki ya Brazili. Majani hukatwa, hukaushwa, kisha hupigwa mpaka unga wa nta uanguke. Nta hiyo ni ngumu kuliko nta nyingine za asili, nayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 82 hadi 86 za Selsiasi, ilhali nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64.

Kazi ya nta ni rahisi kuieleza. Rangi, hata ikionekana laini kama kioo, ina vitundu na mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho. Humo huingia maji, vumbi na chumvi, na jua nalo huiunguza rangi kutoka juu mpaka ikapauka na kuwa kama chaki. Nta hutandaza utando mwembamba unaoviziba vile vitundu na kuyafukuza maji, ndiyo maana matone ya mvua hujikusanya na kuteleza kama juu ya jani la mgomba. Magari ya zamani yalikuwa na rangi ya tabaka lisilofunikwa na kitu. Jua na mvua viliigusa rangi yenyewe. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 viwanda vikazidi kuifunika rangi kwa tabaka gumu la vanishi isiyo na rangi, na madawa mapya ya kung'arisha yakaenea: kwanza yenye silikoni, baadaye yale ya kemikali zinazodumu muda mrefu zaidi. Nta ya kopo ikaonekana kuwa ni kazi ya watu wasio na haraka.

Mjomba alifariki mwaka 2011. Gari lake likakaa miaka kadhaa chini ya mwembe, likidondokewa na utomvu na kinyesi cha ndege. Hatimaye ukoo ulikutana kuamua la kufanya. Binamu yangu mkubwa alieleza hoja yake kwa adabu, nayo ilikuwa nzito.

"Kaka," alisema, "fundi ametutajia gharama ya kulipiga msasa gari lote na kulipaka rangi mpya. Fedha hizo hatunazo. Likibaki hivi hakuna atakayelitaka ila wanunuzi wa vyuma chakavu. Na watoto wanadaiwa ada."

Hakuna aliyembisha, kwa kuwa ada ya shule si jambo la kubishania. Mimi niliomba kitu kimoja tu, Jumamosi nne. Kama baada ya hizo rangi isingerudi, basi gari liende lilikokuwa likienda.

Nilinunua nta kwa mfugaji nyuki mmoja wa Sikonge, nikamchukua mjukuu wa mjomba, kijana wa kidato cha tatu, awe msaidizi wangu. Tuliliosha gari mara mbili, tukalifuta, tukaanza kulisugua kivulini kwa dawa laini ya kusugulia rangi. Mara kitambaa kikageuka buluu. Kijana alishtuka, akadhani tunaimaliza rangi ya babu yake. Nikamweleza kuwa ile ilikuwa rangi iliyokwisha kufa, iliyopaukia juu kama ngozi iliyokauka, na kwamba iliyo hai ipo chini yake. Ila mkono uwe mwepesi, kwa maana hata iliyo hai ina mwisho.

Kijana huyo alikuwa na akili ya kisayansi kuliko nilivyotazamia. Alipendekeza tupake nta nusu moja ya boneti, na nusu ya pili tuiache hivyohivyo mpaka mvua inyeshe. Mvua ya Novemba ilipokuja alitoka nje bila ya mwavuli. Upande mmoja maji yalitanda na kulowa; upande wa pili yalisimama matone matone, yakateleza yakaenda zake. Hapakuwa na haja ya mimi kuongeza neno.

Jumamosi ya tatu tuliufikia mlango wa dereva, na hapo ndipo tulipoona jambo tusilolitarajia. Rangi ilipopata uhai, ilijitokeza chini ya dirisha sura ya herufi, buluu iliyokoza kidogo kuliko buluu iliyozizunguka. Lilikuwa jina la kile chama cha ushirika. Herufi zenyewe zilikwisha kubanduliwa wakati wa mnada, lakini kwa miaka yote zilipokuwapo ziliikinga na jua rangi iliyokuwa chini yake. Binamu yangu aliitwa, akainama, akasoma kwa kidole. Fundi angelipiga gari lile msasa lote, jina hilo lingekwenda na vumbi, na sisi tusingejua kuwa lilikuwapo.

Siwezi kudai kwamba nta ilitenda miujiza. Paa la gari liliunguzwa na jua mpaka chini, na kutu ilikwisha kuanza. La kuvunda halina ubani. Paa hilo likapakwa rangi mpya, kwa gharama iliyokuwa sehemu ndogo ya ile ya awali. Tena nta ya nyuki peke yake ina udhaifu wake: bati la gari lililoanikwa juani mchana kutwa hupata joto kali, nta ikalainika na kushika vumbi. Dawa ya hilo ni kupaka kidogo sana, kuisugua mpaka kitambaa kitoke kikavu, kuliweka gari kivulini, na kurudia kazi kila baada ya miezi miwili. Mwenye gari jipya lenye vanishi, asiyekuwa na nafasi ya kurudia, atafaidika zaidi na madawa ya kisasa, wala sina haja ya kumgombeza.

Gari halikuuzwa. Binamu yangu hulikodisha kwa maharusi, na fedha hizo zimelipa ada ya vijana wawili.

Naona inafaa walimu wetu wayatazame mambo ya aina hii kwa makini. Mwaka 1998 nchi yetu ilitoa Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki, na mwaka 2002 ikatunga Sheria ya Ufugaji Nyuki. Ni hatua njema. Lakini sera haimfundishi kijana kuyeyusha nta juu ya maji ya moto, kupima nyuzijoto zake, na kujua kwa nini tone la mvua husimama juu yake. Hilo ni somo la fizikia, la kemia, la historia na la uchumi kwa pamoja, na vifaa vyake vinapatikana kwa wafuga nyuki wa nchi hii. Tumezoea kuiuza nta nje ikiwa tonge, kisha kununua kopo lenye picha nzuri.

Tena liko jambo la tabia. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayepaka nta leo hazibi ufa wowote unaoonekana. Anauzuia ufa usije. Kazi ya namna hiyo haina sifa, kwa sababu matokeo yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Taifa lenye mali chache lawahitaji sana watu wanaoifanya bila ya kuhimizwa, iwe ni kwa jahazi, kwa dawati la shule, kwa pampu ya maji ya kijiji, au kwa gari la buluu lililokwisha kukatiwa tamaa.